Kuanguka Nako ni Kazi: Namna ya Kutazama Vichekesho vya Sinema

Katika kurasa za gazeti letu huandikwa habari za masomo, za mpira, za shamba la shule na za safari za wanafunzi. Hayo ni mema yote. Lakini liko jambo moja ambalo karibu kila mmoja wetu hulipenda, nalo ni nadra kuandikwa, yaani vichekesho vya sinema. Sisemi vichekesho vya maneno. Nasema zile filamu fupi za zamani, nyingine hazina hata sauti, ambazo ndani yake mtu huteleza, huanguka, huzabwa kofi, hupigwa keki usoni, akainuka, akajikung'uta vumbi na kuanguka tena.

Zamani ili kuziona filamu hizi ilimpasa mtu angoje gari la sinema lifike kijijini, au asafiri mpaka mji wenye jumba la sinema. Siku hizi nyingi zinapatikana katika intaneti bila kiingilio, na wakati wa likizo simu moja ya mzazi yatosha kuchekesha nyumba nzima, tangu mtoto mdogo hata bibi.

Juu ya filamu hizi watu wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hucheka, filamu ikiisha wakasahau. Fungu la pili hawacheki kabisa, husema, "Sikumpeleka mwanangu shule akatazame wajinga wakianguka." Kwa maoni yangu mafungu yote mawili yamepungukiwa. Mtu anayeanguka vizuri mbele ya kamera si mjinga. Amefanya kazi ngumu, ameizoea kwa siku nyingi, na mara nyingine ameihatarishia mwili wake. Mtazamaji anayejua kuitambua kazi hiyo hupata faida mara mbili: hucheka, tena huelimika. Na asiyeitambua humdharau mtu anayemchekesha. Dharau hiyo imewaumiza watu wa kweli, hata katika nchi yetu, kama tutakavyoona mbele.

ASILI YAKE

Vichekesho vya namna hii ni vya zamani kuliko sinema. Huko Italia, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, walikuwako wachezaji waliokwenda mji kwa mji wakiigiza sokoni na uwanjani. Mmoja wa watu wa michezo yao aliitwa Arlecchino, mtumishi mjanja mwenye nguo za viraka. Mkononi alichukua kibao kilichotengenezwa kwa vipande viwili vya ubao vilivyofungwa pamoja upande mmoja. Akimpiga nacho mwenzake, vipande viwili hugongana vikatoa kishindo kikubwa, lakini aliyepigwa hakuumia. Wazungu mpaka leo huviita vichekesho vya aina hii kwa jina la kibao hicho. Msomaji na ashike jambo hili akilini: kishindo kikubwa, maumivu kidogo. Ndio msingi wa mambo yote yatakayofuata.

Sinema ilipoonyeshwa kwa watu wenye kulipa kiingilio mjini Paris mwezi wa Desemba mwaka 1895, miongoni mwa filamu za ndugu wawili Lumière ilikuwamo moja ya kuchekesha. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Kijana mtundu anakanyaga mpira, maji yanakatika. Mzee anachungulia mdomo wa mpira kuona kuna nini, kijana anaondoa mguu, na maji yanamrukia mzee usoni. Filamu ile haikufikia hata dakika moja. Basi twaweza kusema kuwa sinema na vichekesho vya mwili vilizaliwa karibu siku moja.

Baadaye kazi hii ilikua sana nchini Marekani. Mwaka 1912 Mack Sennett alianzisha kampuni ya Keystone huko California, na mwaka 1913 akamwajiri kijana Mwingereza, Charles Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1889. Chaplin alilelewa London katika umaskini mkubwa. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa katika nyumba ya kutunzia maskini. Mwaka 1914 alivaa suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa na kofia nyeusi ya duara, akashika bakora na kubandika masharubu madogo. Mtu yule maskini mwenye adabu za bwana mkubwa akajulikana duniani kote. Filamu zake nyingi za miaka michache iliyofuata zilikuwa za mikanda miwili, yaani kama dakika ishirini au zaidi kidogo. Sauti haikuwamo, maneno machache yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa kati ya picha na picha.

ZILIVYOFIKA KWETU

Unguja iliijua sinema kabla ya mwaka 1920. Bara, serikali ya kikoloni iliona kuwa filamu yaweza kuwa mwalimu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio kubwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba. Zilitengenezwa filamu thelathini na kitu, zikatembezwa kwa gari.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, na mkuu wake alikuwa William Sellers. Sellers alifundisha kwamba watazamaji wa vijijini Afrika hawawezi kufuata picha zinazobadilika upesi; sharti filamu zao ziende polepole, jambo moja baada ya jingine, bila hila za kamera. Walakini magari ya sinema yaliyozunguka katika makoloni ya Afrika mara nyingi yalichukua pia filamu za Chaplin, maana ndizo zilizovuta watu. Na watu wale wale waliodhaniwa hawafahamu picha za haraka walimfahamu Chaplin mara moja, ijapokuwa yeye hakuwa na upole wowote katika mwendo wake. Walijua ni nani mwenye kiburi, ni nani mwenye njaa, na teke litampata nani. Hawakuhitaji mkalimani, wala kujua kusoma. Twaona basi kwamba kucheka mahali panapostahili ni alama ya akili iliyo macho.

Athari zake zimebaki hata katika lugha yetu. Mtu mchekeshaji huitwa chale, na wako wasemao kuwa neno hilo limetokana na jina la Charlie, ndilo jina la Chaplin kwa kifupi. Jukwaani nako vilikua vichekesho vyetu wenyewe, michezo mifupi ya kuigiza isiyoandikwa, yenye mlevi, bwana mwenye kiburi, mtumishi mjanja na mshamba aliyefika mjini. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na TOT viliweka vichekesho katika maonyesho yao pamoja na ngoma na muziki.

Yafaa pia wanafunzi wajue kwamba katika filamu za Kiswahili zilizopigwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, mmojawapo wa wachezaji wakubwa alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeonekana katika filamu iliyoitwa Muhogo Mchungu. Mwaka 1962 mtu huyo huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Anayedhani kuwa uigizaji ni kazi ya waliokosa akili na alikumbuke jina hilo.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Sasa tuje katika shabaha yetu. Mtu akitaka kuifahamu kazi ya mchekeshaji na atazame mambo manne: uso, wakati, mwenzake, na vitu alivyo navyo mkononi.

Kwanza, uso. Wengi hudhani kuwa mchekeshaji sharti akunje uso na kutoa macho. Buster Keaton, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895, aliwachekesha watu kwa uso usiobadilika kabisa. Tangu utoto alicheza jukwaani na baba na mama yake. Baba alikuwa akimrusha huku na huku, na mgongoni mwa nguo ya mtoto palishonwa mpini wa kumshikia. Mtoto aligundua kuwa akicheka yeye mwenyewe baada ya kuanguka, watazamaji hawacheki. Akinyamaza kama hakuna lililotokea, ukumbi wote huangua kicheko. Katika filamu yake fupi ya mwaka 1920 iitwayo One Week, Keaton na mkewe wanaletewa nyumba iliyo katika masanduku, vipande vyake vimetiwa namba ili waviunganishe wenyewe. Adui yake anabadili namba. Nyumba ikasimama imepotoka, mlango uko juu ghorofani mahali pasipo ngazi. Tazameni uso wa Keaton anapoikagua nyumba hiyo. Halii, hakasiriki. Anafikiri. Kicheko chetu chatoka katika pengo lililopo kati ya msiba ule mkubwa na utulivu wake.

Pili, wakati. Kuanguka kwa kuchekesha kuna vipindi vitatu: kabla, wakati wenyewe, na baada. Asiye fundi hukimbilia kile cha katikati. Fundi hutuonyesha ganda la ndizi, akamleta mtu, akamfanya alikwepe, tukashusha pumzi. Ndipo ateleze juu ya kitu kingine tusichokitazamia. Chaplin katika filamu ya mwaka 1916 iitwayo One A.M. anacheza karibu peke yake tangu mwanzo hata mwisho. Ni tajiri mlevi anayerudi nyumbani usiku na kutaka kupanda kitandani, basi. Hapati ufunguo, akaingia dirishani. Akiwa ndani akauona ufunguo mfukoni. Akatoka tena kwa dirisha ili aingie mlangoni kama mtu mwungwana. Kisha ngazi zinamshinda, saa kubwa ya ukutani inampiga kwa timazi yake, na kitanda cha kukunja kinapigana naye. Mtazamaji ahesabu mara ngapi anapanda zile ngazi, na aone kuwa hakuna mara mbili zilizo sawa. Akiisha kutuzoeza njia moja, aibadili. Ndivyo afanyavyo mpiga ngoma hodari: hukushikisha mapigo, kisha akaliruka moja, na moyo wako ukaruka nalo.

Tatu, mwenzake. Mara nyingi tunamtazama anayefanya vituko tukamsahau anayefanyiwa. Hilo ni kosa. Katika filamu nyingine ya mwaka 1916, The Pawnshop, Chaplin ni mtumishi katika duka la rehani. Anakuja mtu mnyonge na saa yake ya kengele, ataka kuiweka rehani apate fedha. Chaplin anaipima saa kama daktari apimavyo mgonjwa: anaisikiliza kwa chombo cha kusikilizia moyo, anaigonga kwa vidole, anakunja uso. Kisha anaifungua kwa kifungua kopo na kuinusa kama samaki wa mkebe. Anachomoa utepe wa ndani na kuupima kama muuza nguo apimavyo kitambaa. Vyuma vidogo vinatawanyika mezani vikijinyonganyonga kama wadudu, anavitia mafuta mpaka vinatulia. Mwisho anavikusanya vyote ndani ya kofia ya mwenyewe, anamrudishia, na kutikisa kichwa: saa haifai.

Wakati huo wote mwenye saa, aliyeigizwa na Albert Austin, amesimama kimya anatazama. Haondoki wala hapigi kelele. Uso wake ni wa mtu maskini aliyekwisha kuzoea kuamini kuwa mwenye meza ajua zaidi kuliko yeye. Kama angalipiga kelele mapema mchezo ungaliharibika. Na ndani ya kicheko hicho kuna jambo la kweli ambalo wazazi wetu wanalijua: ni mara ngapi mtu mnyonge amesimama mbele ya dirisha la ofisi, akatazama shauri lake likifumuliwa vipande vipande, akarudishiwa akaambiwa halifai?

Wenzi walio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Stan Laurel na Oliver Hardy, mmoja mwembamba na mmoja mnene. Laurel alikuwa Mwingereza, na mwaka 1910 alifika Marekani katika kundi moja na Chaplin. Filamu yao The Music Box ya mwaka 1932, ambayo ina sauti, ilipata tuzo ya Oscar ya vichekesho vifupi. Hadithi yake ni nyepesi mno: watu wawili wapeleke piano katika nyumba iliyo juu ya ngazi ndefu. Piano inapanda, piano inateremka yenyewe. Inapanda tena, inateremka tena. Wakiisha kufika juu kwa taabu isiyosemekana, mpeleka barua anawaambia kuwa ilikuwako barabara ya magari nyuma ya kilima, wala hawakuwa na haja ya ngazi. Nao wafanyeje? Wanaichukua piano, wanaishusha ngazi zote mpaka chini, wanaipakia garini, na kuipandisha kwa ile barabara!

Humo mtazameni Hardy. Kila akipatwa na balaa hugeuka na kututazama sisi machoni, kama mtu aombaye shahidi. Laurel kwa upande wake hukuna kichwa na kukaribia kulia. Mmoja anadhani kuwa yeye ndiye mwerevu, na hilo ndilo linalomponza. Mwingine hajidhanii kitu. Lakini hawaachani. Baada ya kila ugomvi huenda pamoja, na hiyo ndiyo sababu watu wamewapenda kwa karibu miaka mia.

Nne, vitu. Mchekeshaji hodari hutumia kitu kimoja kwa kazi nyingi. Tumeona jinsi saa ilivyokuwa mgonjwa, kopo la samaki na kitambaa. Viatu vya magurudumu, ngazi, mpira wa maji, kiti, vyote katika mikono yake hupata roho. Mtazamaji na ajiulize: kitu hiki kilikuwa nini mwanzo, na sasa kimekuwa nini?

MAZOEZI NA HATARI

Filamu ikiisha kwa dakika ishirini mtu hudhani ilitengenezwa kwa siku moja. Sivyo. Mwaka 1983 ilitolewa filamu ya habari iitwayo Unknown Chaplin, iliyoonyesha vipande ambavyo Chaplin alivitupa wakati wa kutengeneza filamu zake za mwaka 1916 na 1917. Humo twaona tendo moja likirudiwa tena na tena: leo mlango uko kushoto, kesho kulia, leo mpishi ni huyu, kesho ni yule. Alikuwa akitafuta kama mwanafunzi anayefanya hesabu na kufuta, mpaka jibu likubali.

Hatari nazo zilikuwapo. Harold Lloyd, mchekeshaji wa miwani ya duara, alipoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kuume mwaka 1919, wakati bomu alilodhani ni la mchezo tu lilipomlipukia akipigwa picha. Filamu zake mashuhuri za kupanda majumba marefu alizifanya baada ya hapo, mkono umevikwa glavu ya kuficha kasoro. Keaton alivunjika mfupa wa shingo katika filamu ya mwaka 1924, maji mengi yalipomwangukia; asijue mpaka daktari alipouona ufa huo miaka mingi baadaye.

Hapa nawaonya wanafunzi wadogo. Liko kundi la Marekani liitwalo The Three Stooges, lililotengeneza filamu fupi 190 kwa kampuni ya Columbia kati ya mwaka 1934 na 1959. Mkubwa wao, Moe, huwachoma wenzake macho kwa vidole viwili, huwavuta pua na kuwapiga nyundo kichwani. Jueni kuwa vidole vile viligusa juu ya nyusi, si macho. Nyundo haikuwa ya chuma. Na sauti za makofi zilitiwa baadaye na mafundi wa sauti. Hata hivyo waliumia mara kwa mara. Curly, mdogo wake Moe, mtu aliyechekesha kwa mlio na mwendo wake kuliko wote, alipatwa na kiharusi kazini mwaka 1946 akiwa bado kijana, akafa mwaka 1952. Basi anayeyaiga mambo haya bwenini bila kujua siri yake anachukua kishindo na kuacha ufundi, na matokeo yake ni jicho la mwenzake.

NI NANI ANAYECHEKWA?

Hili ndilo swali kubwa, na wala halihusu sinema peke yake. Katika filamu yake ya mwaka 1917 iitwayo The Adventurer, Chaplin anaangusha malai ya barafu toka roshani ikaingia shingoni mwa mama tajiri aliyekaa chini. Mwaka uliofuata alieleza kwa nini alimchagua tajiri. Kama ingalimwangukia mwanamke maskini wa kufagia, watazamaji wangalimhurumia, wasingecheka. Tajiri ana heshima nyingi ya kupoteza, na watu hupenda kuona majivuno yakipunguzwa.

Hicho ndicho kipimo. Kicheko chema humwangukia mwenye majivuno, au humwangukia mchekeshaji mwenyewe kwa hiari yake. Kicheko kibaya humwangukia mnyonge asiyechagua. Lazima tuseme kweli kuwa filamu za zamani za Marekani hazikupita mtihani huu daima. Baadhi yake ziliwafanya watu weusi kuwa vikaragosi, waoga wa vivuli na watumishi wapumbavu. Mambo hayo si ya kuchekewa. Yafaa mtazamaji ayatambue kwa jina lake, yaani dharau, hata kama yamo ndani ya filamu ya fundi anayempenda.

Wenyeji wa Singida hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo na Wazungu, maana utani twaujua. Mtani anaweza kukucheka hata msibani nawe usikasirike, kwa sababu kuna ruhusa ya pande mbili: leo wewe, kesho yeye. Pasipo ruhusa hiyo, maneno yale yale huwa matusi. Mwanafunzi akianguka na sahani yake ya ugali na maharage katika bwalo, na bwalo zima likapiga kelele za kicheko, je, huo ni utani? Yeye hakufanya mazoezi, hakuchagua kuanguka, na chakula chake kimemwagika kweli. Keaton alianguka kwa ajili yetu. Mwenzetu ameanguka kwa bahati mbaya. Anayejua kutofautisha watu hao wawili ameelimika, hata kama hakupata alama nzuri katika mtihani.

HESHIMA KWA WANAOTUCHEKESHA

Kwetu Afrika Mashariki tumepata mafundi wa kazi hii. Nchini Kenya, katika mchezo wa televisheni wa Vitimbi, Benson Wanjau aliigiza kwa miaka mingi kama Mzee Ojwang, Mjaluo mwenye Kiswahili cha namna yake. Alikuwa Mkikuyu, na matamshi yake yalikuwa kamili hata watazamaji wengi wakadhani ni Mjaluo wa kuzaliwa. Huo ni ufundi wa sikio na ulimi unaostahili kusomwa kama somo. Alifariki mwaka 2015.

Kwa upande wa Tanzania, nani asiyemjua King Majuto? Jina lake lilikuwa Amri Athumani, aliyezaliwa mwaka 1948, mtu wa Tanga. Aliigiza tangu utoto, jukwaani na baadaye katika filamu nyingi zilizouzwa mijini na vijijini. Watu walianza kucheka walipomwona tu, kabla hajanena. Mtu asidhani kuwa hiyo ni bahati ya sura. Ni matunda ya miaka mingi ya kujua wakati wa kunyamaza, wakati wa kugeuza shingo, na wakati wa kuacha mwenzake aseme.

Alipougua mwaka 2018, nchi nzima ilisikia kwamba kazi zake nyingi hazikumletea fedha zilizolingana na jina lake, na shauri la mikataba ya wasanii likafika serikalini. Alifariki tarehe 8 Agosti mwaka ule, katika hospitali ya Muhimbili. Tulilia wengi. Lakini swali linabaki: nchi iliyocheka kwa ajili yake miaka yote ile, ilihesabu kicheko kuwa kazi? Tukisema kuanguka ni ujinga, tutawalipa wachekeshaji kama wajinga. Tukijua ni kazi, tutauliza ujira wake, na vijana wetu watakaoingia katika kazi hiyo watasoma mkataba kabla ya kutia sahihi.

MASHAURI MACHACHE

Namaliza kwa mashauri kwa kila mmoja.

Kwa wanafunzi: chagueni filamu moja fupi na mwitazame mara tatu. Mara ya kwanza chekeni tu, msijizuie. Mara ya pili mfuateni mchezaji mmoja asiyekuwa mkubwa, kama yule mwenye saa, mwone anafanya nini wakati wengine wanachekesha. Mara ya tatu zimeni sauti kama ipo, mtazame miguu na mikono peke yake. Mtashangaa kuona mangapi mliyapita bila kuyaona.

Kwa wale wa chama cha maigizo: kabla ya kuandika maneno mengi, jaribuni mchezo wa dakika tano usio na neno hata moja. Anayeanguka na aanguke juu ya godoro, mwalimu akiwapo, na arudie mpaka aweze kuanguka mara kumi bila kuumia na bila kucheka. Wapeni wazazi mchezo huo siku ya mahafali. Bibi asiyejua Kiingereza wala mambo ya vitabu ataufahamu sawasawa na Mkuu wa Shule.

Kwa walimu: filamu ya dakika ishirini yatosha kufundisha mpangilio wa hadithi, na saa ya Chaplin inaeleza tashbihi kuliko mifano mingi ya ubaoni.

Kwa wazazi: mwanao akicheka mbele ya picha hizi, msimwondoe. Ketini naye, mkamwulize, "Unamcheka nani, na kwa nini?" Jibu lake litawaonyesha moyo wake ulivyo. Akikujibu vizuri, chekeni pamoja naye.